Mgeni wa Kwanza wa Mwaka

Mara tatu, mwaka hadi mwaka, Bibi Lụa alimbeba mjukuu wake, Thoa, mgongoni hadi shuleni, na mara zote tatu mkuu wa shule, Mwalimu Nghiêm, aliwarudisha kwa maneno matamu. "Bibi, madarasa yameinuliwa kukwepa mafuriko. Ngazi zote zile, nani atambeba?" Sasa Thoa alikuwa na miaka kumi. Miguu yake haikuwahi kusimama, lakini kichwani alikuwa moto wa kuotea mbali. Kusoma alijifunza mwenyewe kwa kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku, na nyuma ya karatasi hizo ndiko alikoandikia.

Asubuhi ya kwanza ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya, Bibi alimwonya, "Leo usivuke mlango wa mtu, umenisikia?" Anayetangulia kuingia nyumbani kwa watu siku hiyo ndiye anayewaletea bahati ya mwaka mzima, njema au mbaya, na kijijini palikuwa na vinywa vilivyokwisha kuamua Thoa angeleta ipi. Bibi alivijua vinywa hivyo. Vingine alikuwa amekula navyo harusi.

Alipotoka jikoni na andazi la wali wa kunata, kibao cha magurudumu alichotembelea mjukuu wake hakikuwapo. Wala Thoa.

Bibi alitoka mbio, kandambili mguu mmoja. Alifuata alama za magurudumu kwenye tope kando ya mfereji, akaongeza mbio, maana zilielekea kwa Mwalimu Nghiêm. Nyumba ile ilikuwa imemwalika Bwana Tường, tajiri wa kinu cha mpunga, ndiye atangulie. Lakini mlangoni palikuwa na mteremko wa saruji wa kupandishia pikipiki. Thoa alikuwa ameupanda kwa nguvu za mikono yake, na sasa yuko katikati ya sebule.

"Yarabi! Bwana Tường bado hajafika!" mke wa mwalimu alimaka.

"Atanikuta," Thoa akasema. "Heri ya mwaka mpya, Mwalimu. Nakutakia afya, na wanafunzi wenye akili. Mmoja ni mimi." Akamnyooshea karatasi ya kalenda yenye ombi lake.

Bibi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mwalimu, tusamehe, mtoto huyu..."

"Hebu nyamaza, Lụa!" Alikuwa mama mzazi wa mwalimu, kikongwe aliyetafuna tambuu kitini pake. "Aliyeingia ameingia. Wewe Nghiêm, mgeni wa kwanza ana ombi. Mwambie hapana leo, uone kama hutaambiwa hapana mwaka mzima!"

Jasho lilimtoka mwalimu. Siku hiyo watu hawathubutu hata kufagia, wasije wakaifagia bahati, seuze kuifukuza kwa mdomo. Akaisoma karatasi mara mbili.

"Umeandika wewe?"

"Nani mwingine? Bibi hajui kusoma."

"Na ngazi je?"

"Mwalimu, pikipiki yako nayo haina miguu, na inalala ndani."

Kikongwe alicheka hadi tambuu ikamtoka. Mwalimu alimtazama mama yake, akaitazama pikipiki.

"Haya," akasema. "Utasoma."

Bibi Lụa aliketi kizingitini akalia kwa furaha. "Usilie, we mama, mkosi!" mke wa mwalimu akamkemea, huku naye akijifuta macho.

Wiki mbili baadaye fundi alimwaga saruji juu ya ngazi za shule, zikawa mteremko. Kama mwalimu alifanya kwa upendo au kwa kumwogopa mama yake, Bibi hakujali.

Mwaka ule nguruwe wa mke wa mwalimu alizaa watoto kumi na watatu. Mkesha wa Tet iliyofuata, mke wa mwalimu alikuja mwenyewe na kikapu cha matunda kumwalika Thoa atangulie tena. Thoa akakubali haraka mno, Bibi akaingiwa na shaka.

Asubuhi, njiani, Thoa alisimamisha kibao kwa jirani na kumwita kwa mkono Lượm, binti kiziwi wa miaka minane ambaye hakuwahi kukanyaga darasani. Walipofika mlangoni kwa mwalimu, akamsukuma taratibu mbele yake, hadi ndani.

"Heri ya mwaka mpya, Mwalimu. Safari hii wa kwanza ni huyu. Naye ana ombi."

Bibi Lụa alisimama nyuma yao, kandambili zote mbili miguuni. Hakuomba radhi.