Maji, Moto na Mbwa

Mimi ndiye msemaji wa ukoo wetu hapa Etobicoke, Kanada, si kwa akili, ni kwa kuwa wengine wote wako kazini. Kwa hiyo mjukuu wangu Leonce alipotaka kumwoa Adelina, binti wa Karagwe anayefanya kazi ya uuguzi Mississauga, nikawekwa mimi mbele ya simu kuzungumza na baba yake, Mzee Bernard, aliyeko huko nyumbani. Nikavaa kitenge kipya, nikasafisha koo, nikasema tumefurahi mno kupata Mhaya mwenzetu.

Mzee akasema mtandao ni mbaya, akakata. Mtandao ukaendelea kuwa mbaya mwezi mzima.

Adelina alikuja kunieleza taratibu kwamba kwao ni Wanyambo, wana mila zao na utawala wao wa tangu zamani, na wamechoka kuitwa Wahaya na kila anayepita. Sasa mimi si mtu wa kukurupuka. Nilisoma hadi darasa la tatu, na mwalimu wetu alikuwa akisema jambo lichunguzwe kwanza. Nikamkalisha Adelina kwenye kochi, nikamchunguza. Maji mnaitaje? Akasema. Kama sisi. Moto? Kama sisi. Mbwa? Kama sisi, ila yeye analiimba kidogo. Nikamuuliza na jembe, ili nisionekane nimeharakisha. Kisha nikakunja mikono kama profesa, nikatoa hukumu.

"Wewe ni Mhaya, mwanangu. Mhaya wa bara."

Akasema ndiyo Bibi, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Leonce, ambaye Kiswahili hukisikia na kukijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alikitafuta Kiswahili mpaka akakipata. Akaniambia Mzee amekubali kupokea simu mara moja tu zaidi, Jumapili. Nikimwita tena Mhaya, posa imekwisha, na Adelina hataolewa kinyume cha baba yake.

Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimeshapanga kusema "sisi sote watu wa Kagera", jina la mkoa wetu sisi wa ziwani na wao wa bara, maneno ya kufunika kila mtu kama blanketi, nikajiona mjanja.

Jumamosi akabisha hodi Bi Liao, jirani yangu wa mlango wa pili. Tulijuana kwenye chumba cha kufulia nguo. Kiingereza chake na changu ukivijumlisha havitoshi kuagiza chai, lakini tunapendana, na mimi humwita Mchina wangu. Alikuwa ameleta zawadi ya harusi, kitambaa alichokichora kwa nta na kukitia buluu kwa mkono wake, viduara vidogo vimejipanga mpaka macho yanazunguka. Adelina alikuwepo na Leonce, na kwa kuwa muuguzi ana subira na Kiingereza cha watu, akawa mkalimani. Nikamwambia amshukuru kwa kazi nzuri ya Kichina.

Bi Liao akatabasamu, akasema hasa ni kazi ya Wagejia, ndio watu wake. Tukamwomba atueleze.

Akasema nchini kwake, zamani walipohesabu watu, kila kundi lilijitaja lenyewe, na majina yakapita mia nne. Serikali ikaona hayabebeki, ikatuma wasomi wayapange. Leo makabila yanayotambuliwa ni hamsini na sita, Wahan wakiwa wengi kupita wote, na Wagejia hawamo. Wametiwa ndani ya Wamiao, majirani zao. Yeye alikuwa msichana wasomi walipofika kwao Guizhou. Walimkalisha baba yake, wakamuuliza maji mnaitaje, moto mnauitaje, na mbwa. Wakaandika. Wakatazama kofia za wanawake. Baba yake akawaonyesha kwamba kofia ya Kigejia ina mshale wa fedha, kwa sababu babu yao wa kale ndiye aliyeyatungua kwa upinde majua yaliyozidi mbinguni. Wakasema ni hadithi nzuri, wakanywa pombe yake, wakaondoka. Baadaye ikaja habari kwamba yeye ni Mmiao. Alikufa akiitwa kwa jina la jirani.

Hapo nilipandwa na hasira za kweli. Nikaweka kikombe chini.

"Watu gani hao? Unamkalisha mtu, unamuuliza maji na moto, halafu unamwambia yeye ni nani? Walisoma wapi?"

Adelina hakutafsiri. Alitazama zulia.

"Bibi," akasema polepole, "na hiyo niitafsiri?"

Leonce akakimbilia jikoni akafungua bomba, na hakuwa na kitu cha kuosha. Hapo ndipo jambo liliponifikia, tena likaja lote kwa mpigo, pamoja na jembe. Angalau wale wasomi walipanda milima. Mimi sikutoka hata sebuleni.

Bi Liao alitaka kujua kuna nini. Adelina akamsimulia, na Bi Liao akanitazama kama anavyoitazama nguo iliyochuja rangi kwenye mashine. Kisha akauliza kama na mimi nimeshakunywa pombe ya baba yake Adelina. Nikasema bado, kwenye rubisi yake sijakaribishwa. Akasema afadhali.

Jumapili nilivaa kitenge kilekile. Mzee Bernard akatokea kwenye simu, paji la uso tu, macho yamebaki nje ya picha. Leonce alinishika bega kama mtu anayeshika breki. Nikasalimia, nikasema:

"Mkwe, sisi Wahaya tumekuja kwa Wanyambo, tunaomba mtoto wenu."

Paji la uso halikusogea. Nikajua mtandao umeanza tena. Adelina aliacha kupumua, nikamsikia akiacha.

"Leo mtandao ni mzuri," Mzee akasema. Akaishusha simu, tukamwona uso mzima. "Lakini mama, kabla hatujaendelea. Huko kwenu maji mnaitaje?"

Nikamwambia.

"Na moto?"

Nikamwambia. Alipofika kwenye mbwa nikamwona Adelina ameficha uso kwenye kitambaa cha Bi Liao, mabega yanatetemeka kwa kicheko, nikajua nani amepeleka habari Karagwe.

Mzee akakunja mikono.

"Nimechunguza," akasema. "Ninyi ni Wanyambo. Wanyambo wa ziwani. Njooni mnywe rubisi."

Wazee wangu wote waliotangulia, huko makaburini waliko, walinigeukia. Nikamtazama Leonce, nikamtazama Adelina.

"Ndiyo, mkwe," nikasema.