Maktaba ya Mpole

Tangu mumewe azikwe, mjane aliwasha programu ya bwawa ofisini kila asubuhi hata kabla hajatua mkoba. Programu ile hupiga hesabu za maji: mvua ikinyesha milimani, ndiyo huiambia ofisi mageti yafunguliwe lini, na wa bondeni wahame lini. Lakini hesabu nzito haiziwezi yenyewe. Ikiamka hutafuta kwanza maktaba ya hesabu, yaani fungu la kanuni zilizoandikwa tayari, hujiunga nayo, kisha huandika kwenye kioo cha kompyuta ilikoipata. Maktaba hiyo aliijenga marehemu kwa mikono yake, akaiweka kwenye folda yenye jina lake, Mpole, akaiamuru programu ianzie hapo. Kwa hiyo kila siku kioo kilimwandikia mjane: *Maktaba imepatikana kwa Mpole.* Naye hujibu kimoyomoyo, "Mungu akulaze pema," ndipo aanze kazi.

Siku ile mvua ilikamata tangu alfajiri. Fundi wa kompyuta, rafiki wa marehemu, alikuwa amehamishia kila kitu kwenye mashine mpya. Mjane akawasha. *Maktaba imepatikana kwa Mpole.* Kisha programu ikazimika. Akarudia, ikazimika tena.

"Shemeji," fundi akasema, macho chini, "mwenzio aliijengea ile mashine kongwe. Hii mpya haielewani nayo. Na programu ikishaiona yake, haitazami nyingine, japo maktaba iliyokuja na mashine ipo papa hapa."

"Basi ijenge upya."

"Jinsi alivyoijenga, amekwenda nayo."

"Rafiki gani wewe, hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Akaniambia nilete soda kwanza."

Wakacheka kidogo. Mjane akajifuta uso kwa upindo wa mtandio.

"Ni mstari mmoja tu wa kufuta, ule unaoiamuru ianzie kwake," fundi akasema. "Ningeufuta mimi, ila mkono umekuwa mzito."

Simu ya bwawani ikalia. "Mama, mnatuambiaje?" mlinda mageti akapaza sauti. "Tufungue au tungoje? Huku bondeni watu wanapika, hawana habari!"

Mjane akavuta kiti, akamtaja Mungu, akaufuta.

Programu ikaamka, ikatafuta, ikajiunga. Majibu yakatoka upesi kuliko siku zote: mageti yafunguliwe jioni, wa bondeni wahame sasa hivi. Fundi akaidaka simu, akaanza kupiga kelele.

Mjane alibaki anatazama juu ya kioo. *Maktaba imepatikana kwenye mashine.* Midomo yake ikaanza yenyewe, kwa mazoea, "Mungu aku..." Ikaishia hapo.