Upepo Uko Masomoni

Hana alitandaza ngozi ya ng'ombe kwenye uwanja wa kupuria, akamketisha mwanawe Melkizedeki pembeni, kisha akainua ungo wa uwele juu ya kichwa na kuumimina taratibu. Punje zikaanguka. Makapi nayo yakaanguka palepale, juu ya punje. Upepo haukuwapo. Ulikuwa masomoni Dar es Salaam tangu mwaka wa jana, mvua zilipokatika.

Ulichukuliwa kwa utaratibu. Mhandisi Idrissa alifika na Landrova katika kijiji hiki cha ujamaa, nyuma ya stesheni ya Kintinku, akitokea chuo kikuu, ambako shule ya uhandisi ilikuwa bado mpya, rangi haijakauka. Alieleza kwamba shule ile lazima ikue, na ili ikue inahitaji utafiti, na utafiti unahitaji upepo. Upepo wa Dar ni wa baharini, unashikisha vyombo kutu. Wa hapa ni mkavu na unajua kazi. Ungesoma, ungehitimu, ungerudi kuvuta maji. Mashine ya mabati ya kuvutia maji waliisimamisha mapema kando ya kisima, ili upepo ukirudi usikae bure.

Kijijini mambo yote yalipitishwa kwa makofi. Mgeni akitaja jina, makofi, akiketi, makofi. Hakuna aliyewahi kupinga jambo, kwa kuwa makofi ya kupinga hayakujulikana yanapigwaje. Idrissa alipomaliza kusema jina lake watu walimpigia makofi, na mwenyekiti Andrea akatangaza kwamba jambo limepita. Jambo lenyewe walielezwa baadaye.

Upepo ulijazwa katika mipira ya matairi ya malori, ukapakiwa kwenye behewa la mizigo. Haukuleta ubishi. Ulidhani unafika Dodoma tu.

Tangu hapo moshi wa kila nyumba ulisimama wima, na watu wakazoea kuuzunguka kama nguzo. Mashine ilitulia. Wanawake waliendelea kufukua maji kwenye mchanga wa korongo. Na Melkizedeki, aliyekuwa ndiyo kwanza anaachishwa ziwa, alikunywa uji wenye makapi na kukohoa.

Hana alimbeba mpaka hospitali ya Kilimatinde. Nesi akamwambia unga wa mtoto usafishwe vizuri.

"Upepo wetu uko masomoni," Hana alisema.

"Aa. Likizo wanafunga lini?"

Hana akarudi nyumbani na mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama," alimwamkia mkwewe, bibi Theodora.

"Marahaba. Mjukuu wangu anaendeleaje?"

"Anakohoa bado. Lakini upepo ukihitimu utarudi, mama. Mwalimu wetu wa kisomo cha jioni anasema elimu ni ya kumrudishia aliyekusomesha."

"Vumilia, mkwe wangu. Mimi kifungua mimba wangu alikwenda kusoma Tabora. Kaoa hukohuko."

Hana alicheka kidogo, akaendelea kutumaini. Redio ya mwenyekiti ilitangaza kwamba shule ya uhandisi imeongeza jengo, na madirisha ya jengo hilo yanajifungua yenyewe asubuhi. Kijiji kikapiga makofi. Redio ikanyamaza kidogo ili iyapokee, kisha ikaendelea na habari za pamba.

Mavuno yaliyofuata upepo ulirudi. Ulikuja na Idrissa na wageni wengine kwa Landrova, umeketi kiti cha mbele, kioo kimepandishwa. Ulikuwa umenenepa na kunukia rangi mpya. Walipoufungulia mlango ulitembea moja kwa moja hadi kwenye mashine, ukaizungusha kwa adabu, na maji yakatoka, ya kutosha wageni kunawa mikono. Baada ya hapo ukasimama ukingoja kuambiwa.

Hana akabeba uwele wake mbio mpaka uwanjani, akapiga mluzi mwembamba kwa ncha ya ulimi, ule ambao kila mwanamke wa kule huupiga anapouita upepo kupepeta. Upepo ukageuka. Ulimtambua, maana ulimjua tangu akiwa binti. Ukamtazama kidogo, ukaenda kwenye meza ya wageni kuwapozea chai.

Idrissa akamfuata Hana, akamweleza kwa upole. "Dada yangu, huu sasa ni upepo wa utafiti. Mambo ya ungo umeshayaacha."

"Mimi nataka uji wa mtoto tu, kaka."

"Na sisi tunamfanyia kazi huyohuyo mtoto."

Hana alipiga magoti, akaweka ungo mapajani na kuanza kupuliza kwa mdomo. Makapi yakaruka. Bibi Theodora akaleta ungo wake, na wanawake wengine wakaja, wakapuliza pamoja mpaka makapi yakapanda juu na kutua ndani ya vikombe vya wageni. Punje zikabaki safi.

Idrissa akaleta kiganja chake karibu na mdomo wa Hana, akakishikilia hapo, kichwa kimeinama kama anayesikiliza.

"Upepo huu haujaguswa na shule kabisa," aliwaambia wenzake. "Na ule mwingine karibu unahitimu. Jengo la tatu tutalifungua na nini?"

Andrea akaita mkutano palepale. "Ndugu wananchi, tumkaribishe mgeni wetu."

Wanawake wakatazamana. Hana akaushika ungo kwa mikono miwili na hakuuachia. Bibi Theodora akashika wa kwake, na wengine wote vilevile. Wanaume waliwatazama wake zao, wakaficha mikono makwapani.

Melkizedeki alikuwa juu ya ngozi, mdomo umejaa punje. Bibi yake alikuwa akimfundisha juma zima. Akawatazama watu wote waliokaa kimya, akatabasamu, akapiga makofi.

Yalikuwa makofi yake ya kwanza. Hana alijua anapaswa kumshika mikono, lakini alichelewa, kwa sababu alikuwa anamfurahia.

"Limepita," alisema mwenyekiti Andrea.

Mipira ya matairi ikashushwa kutoka kwenye Landrova. Wanawake wakapangwa mstari wa kuijaza pumzi, wazee wao wakatangulia, kwa heshima. Hana akapuliza haraka ungo wa mwisho, kabla zamu yake haijafika.