Maharage Makavu ya Kwenda Kirando

Sharon alikuwa fundi cherehani pale Milanzi, mjini Sumbawanga, na kwa muda mrefu kichwani mwake kulikuwa na safari moja tu: kushuka kwa miguu kutoka Namanyere hadi Kirando, kwenye Ziwa Tanganyika, kwa kulala njiani siku mbili. Alipanga kwenda na rafiki yake Angela, muuguzi mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, pamoja na Alfonsi, mwalimu wa michezo aliyezaliwa Namanyere na kuzijua njia za mkato za kule.

Mwaka uliotangulia walikuwa wamejaribu, wakashindwa. Hawakushindwa na mlima, walishindwa na mizigo. Walibeba viazi, mchele, makopo na nyanya mbichi, na nyanya zilipondeka zikawachuruzika migongoni. Siku ya pili Angela aliketi katikati ya njia akasema hasogei hata simba akitokea. Wakarudi.

Safari hii Sharon alikuwa na mpango. Aliona kwenye simu jinsi wapanda milima wanavyopika chakula nyumbani, wakakikausha mpaka kikawa chepesi kama maganda, kisha wakafika porini wakakimwagia maji ya moto. Alitazama ile video mpaka bando likaisha. Kulipokucha akamfuata mama mkwe wake uani.

Mama mkwe wake aliitwa Fransiska, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Timoth, kwa jina la mwanawe, mume wa Sharon, ambaye ni dereva wa lori na huwa nyumbani kwa nadra. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili, na walikuwa wakiheshimiana zaidi kuliko walivyokuwa wakizungumza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nataka kukausha maharage."

Mama Timoth aliendelea kupepeta ulezi. "Si yamo kwenye gunia? Makavu kabisa."

"Hapana, mama. Yaliyopikwa."

Ungo ukasimama. "Uyapike, halafu uyakaushe, halafu uyapike tena?"

"Ee."

"Sharon, una mimba?"

Sharon alicheka mpaka akashika ukuta. Akamweleza habari ya Kirando, mizigo na maji ya moto. Mama Timoth alisikiliza huku uso umemkunjamana. Kukausha mboga alikujua tangu utotoni, majani ya maharage, majani ya maboga na uyoga, lakini kwake mboga kavu zilikuwa za miezi ya shida. Mkwe wake kwenda kutembea nazo kwa hiari mbele za watu, hilo lilimpita.

"Na ugali nao mtaukausha?" aliuliza.

"Unga si mkavu tayari, mama."

"Afadhali! Nilidhani na huo mtaupika kwanza."

Sharon alitengeneza fremu za mbao, akazigongelea neti ya madirisha, akazipanga juu ya bati la banda la kuku. Ulikuwa mwezi wa saba. Jua la Ufipa lilikuwa kali, anga halina wingu, na upepo ulivuma mkavu tangu asubuhi hadi jioni. Alianza na nyama. Alinunua nyama nzuri yenye mafuta, akaisaga, akaikaanga ikanukia hadi barabarani, akaitandaza. Siku ya tatu ilikuwa imekauka juu, lakini kwa ndani ililoa mafuta na kutoa harufu iliyomfanya mbwa wa jirani anuse mara moja na kuondoka zake.

Mama Timoth aliyaona yote kutoka mlangoni. Sharon alingoja amcheke. Badala yake mama yule alikuja, akachukua kipande, akakifinya kati ya vidole.

"Mafuta," alisema. "Mafuta hayakauki hata uyaanike mpaka Krismasi. Tutafute nyama isiyo na mafuta."

Sharon alilisikia lile neno "tutafute" na moyo ukamruka.

Kuanzia hapo uani palichangamka. Walichemsha mnofu mtupu, wakaukatakata vipande vidogo sana, wakaumwagia maji ya moto ili hata ile chembe ya mafuta iondoke, wakaukausha kwenye joto la mkaa unaofifia mpaka ukawa mgumu kama changarawe. Maharage waliyapika yakaiva sana, wakayaponda kidogo, wakayatandaza kwenye neti. Mama Timoth naye alikuwa na haraka zake. Siku moja aliona nyanya zinachelewa, akaweka trei nzima juu ya jiko lenye moto mkali, akaenda kuzungumza na jirani. Aliporudi alikuta nyanya zenye rangi ya makaa.

"Usimwambie mtu," alimwambia Sharon.

"Nani, mimi? Sijaona kitu."

Walianza upya. Mchuzi wa nyanya na vitunguu waliupika ukawa mzito, wakaupaka kwenye sinia, na jua likaukausha mpaka wakaubandua kama kipande cha ngozi. Mama Timoth aliunyanyua juu kuelekea jua. Uso wake ukawa mwekundu kwa ile nuru iliyopenya.

Kisha ikaja siku ya kujaribu. Angela alikuja na Alfonsi, wote wanne wakaizunguka sufuria jikoni. Sharon alitia maharage makavu, nyama, kipande cha ile ngozi ya nyanya na chumvi. Akamimina maji ya moto, akafunika.

"Tusubiri," alisema.

"Mpaka lini?" aliuliza Angela.

"Tusubiri tu."

Mama Timoth ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alifunua, mvuke ukampiga usoni, akainama. Maharage yalikuwa yanavimba. Maganda yaliyokuwa yamejikunja yalikuwa yanajinyoosha, na maji yamegeuka mchuzi mwekundu wenye kunukia vitunguu.

"Yanarudi!" alipiga kelele. "Jamani, njooni mwone! Yanarudi!"

Walikula wakigombania kijiko. Alfonsi alilamba kifuniko. Angela akasema kwa mdomo uliojaa kwamba sasa hata Kigoma atafika kwa miguu. Katikati ya zile kelele Mama Timoth alijifuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Na mimi nakuja."

Angela akaacha kutafuna.

"Mama, ni mbali," alisema Sharon.

"Najua ni mbali. Nimezaliwa Kaengesa, nimeolewa hapa, nimekula dagaa wa Kirando maisha yangu yote, na ziwa lenyewe sijaliona. Nimekausha hiki chakula kwa mikono yangu. Mnataka mkale nyie, mje mnisimulie?"

Sharon alimtazama Alfonsi. Alfonsi akainua mabega, huku anatabasamu. "Mwendo wetu utakuwa wake," alisema. "Basi."

Chakula chote walikitia kwenye vifuko vya kitambaa cha marekani alivyoshona Sharon. Yeye alitaka ndoo ndogo yenye kifuniko, ila Mama Timoth alikataa katakata. Kitu kikavu kinataka kupumua, alisema, ukikifungia kitaota ukungu. Vifuko vyote viliingia kwenye begi moja, na Alfonsi alilibeba kwa mkono mmoja akilizungusha kama mkoba wa harusini.

Waliondoka Namanyere kukiwa na baridi. Mama Timoth alivaa raba za Timoth zilizojazwa soksi, kitenge juu ya suruali ya mazoezi, na fimbo mkononi. Alikwenda polepole, goti lake la kushoto likimsumbua kwenye miteremko, na kila walipopumzika aliuliza kama ni saa ya kula. Siku ile ya kwanza walipikia chini ya miti, chakula kikarudi vizuri kama kilivyorudi jikoni, na Angela alimpigia Mama Timoth makofi.

Siku ya pili njia ilianza kushuka kwelikweli. Upepo wa uwandani waliuacha nyuma, joto likapanda, na miti ya miombo ikawafunga pande zote. Wakafika kwenye mto. Kwa kuwa kilikuwa kiangazi, maji yalifika magotini tu, lakini mawe yalikuwa na utelezi. Alfonsi alimvusha Mama Timoth kwa kumshika mkono, taratibu, jiwe kwa jiwe. Akarudi kuchukua begi la chakula. Sasa akaona hakuna haja ya taratibu.

"Tazameni!" alisema, akaruka.

Alianguka kwa kishindo. Begi lilimtoka, likaelea kama bata, likashika njia na maji. Angela alipiga yowe. Sharon alikimbia ukingoni akipasua vichaka, Alfonsi akapiga mbizi palipokuwa hata hapafai kupiga mbizi, na mwishowe begi lilinaswa na gogo mbali kule chini. Walilitoa likiwa linachuruzika kama blanketi la kufua.

"Tutayaanika," alisema Alfonsi, akitetemeka.

"Hapa chini ya miti?" Mama Timoth alikwisha kupiga magoti, anafungua. Vifuko vilikuwa vimeanza kujaa. Kile cha maharage kilivimba huku wanakitazama, uzi ukakazana, halafu mshono wa Sharon ukaachia na maharage yakachungulia nje, manene, yameshiba maji ya mto. Nyama nayo ilikuwa imelainika. Ngozi ya nyanya imekuwa uji.

Sharon alihisi machozi yanakuja. Kazi ya mwezi mzima. Alimgeukia mama mkwe wake amwombe samahani kwa safari kuharibika, na akamkuta ameketi chini, mikono tumboni, anacheka bila sauti, mabega yanaruka.

"Yamerudi," alisema alipopata pumzi. "Hata hayakungoja maji ya moto! Na ile ndoo yako, mwanangu, nimeikataa mwenyewe. Shauri yangu."

Hapo wote wakaangua kicheko, Alfonsi akiwa bado na majani ya mto kichwani.

Lakini chakula kilicholoa kwenye joto lile hakingefika kesho. Ilibidi kipikwe siku ileile, na kilikuwa kingi kuliko walivyoweza kula watu wanne. Wakashuka haraka wakiwa wamekibeba kwenye kitenge cha Mama Timoth, maji yanadondoka njia nzima, mpaka wakaona moshi. Ilikuwa kambi ya warina asali. Watu kama wanane, na mkubwa wao, mzee Kalisti, alisimama kuwapokea akiwa na mashaka usoni.

"Shikamoo, mzee," walisema vijana.

"Marahaba. Mmepotea?"

"Hatujapotea," alisema Mama Timoth. "Tumeleta chakula. Mna sufuria kubwa?"

Mzee Kalisti alitazama kitenge kinachodondoka. "Chakula gani?"

"Maharage, nyama, nyanya, vitunguu."

"Nyama? Huku?" Aligeuka akawaita wenzake kwa sauti iliyopasuka. Walikuwa wamekula ugali kwa asali tangu walipoingia porini, alisema, na utamu ulikuwa umewafika kooni.

Sufuria ilipatikana, kubwa ya kutosha kuoshea mtoto. Jua lilikuwa bado juu walipokaa kula, na watu wale walikula kwa bidii mpaka mmoja akauliza nyama hii imechinjwa lini. Mama Timoth akamwambia. Hakuamini. Basi ikabidi aeleze habari yote, banda la kuku, jiko la mkaa, hata zile nyanya alizounguza mwenyewe, na Sharon alimtazama akizungumza huku anarusha mikono, akajiuliza ni nani huyu aliyekuwa akiishi naye.

Asubuhi waliondoka kambini na unga wao, uliosalimika kwa kuwa Angela aliubeba mgongoni mwake, na chupa ya asali waliyopewa. Walikunywa uji wenye asali, wakatembea, wakanywa tena. Njaa iliwauma, lakini hakuna aliyekaa chini njiani. Kwenye kona moja Mama Timoth, aliyekuwa mbele, alisimama ghafla. Sharon alifikiri ni goti.

"Mama, vipi?"

Aliinua fimbo, akaelekeza mbele. Kati ya miti, chini kabisa, ziwa lilikuwa limelala, la bluu, pana mpaka halina upande wa pili. "Maji yote hayo!" alisema. Akaanza kushuka kwa mwendo ambao goti lake halikuwa limeukubali.

Waliingia Kirando mchana, wamejaa vumbi, Angela akiimba. Ufukweni dagaa walikuwa wametandazwa juu ya chanja ndefu, wanameta, na mwanamke mmoja mwenye kofia ya majani alikuwa anawageuza kwa ufagio wa vijiti. Aliitwa Gaudiosa. Alipoambiwa wametoka Namanyere kwa miguu aliwatazama miguu, mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama Mama Timoth peke yake.

"Na wewe pia?"

"Na mimi pia. Hawa unawageuza mara ngapi? Mbona umewainua juu? Chumvi huweki?"

Alfonsi alikwenda kutafuta samaki wa kuchoma na ugali. Vilipokuwa tayari, vinatoa moshi, Angela aliita. Mama Timoth hakuja. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni, ameshapewa ufagio wa pili, anatembea kando ya chanja sambamba na Gaudiosa, wanazungumza wote wawili kwa pamoja bila mmoja kumngoja mwenzake.

"Mama, chakula kinapoa!" Sharon aliita.

"Kuleni, nakuja!"

Sharon alichukua kipande cha samaki kikamuunguza vidole, akavua viatu, akakimbia juu ya mchanga wa moto kwenda kumlisha akiwa kazini.