Bomba la Upande wa Kibla

Bomba lilikuwa limetokea upande usio wake, na aliyelitokeza huko alikuwa amesimama mbele yetu akijifuta mikono na kutabasamu.

"Haya, Bwana Idarus," Kamaludin alimwambia baba yangu. "Kazi hiyo. Asoiona hana mato."

Tuliiona. Bomba jipya la moshi, limesuguliwa likang'aa kama sufuria ya arusi, lilitambaa chini ya tumbo la gari kisha likachungulia ubavuni, nyuma kidogo ya mlango, mbele ya tairi la nyuma. Mahali lilipochomelewa palikuwa safi, hata kidole kikipita hakikwami. Kasoro ilikuwa moja tu: mlango wenyewe ulikuwa wa abiria.

Baba alilizunguka gari mpaka upande wa dereva, akainama, akachungulia kana kwamba huenda kuna jingine huko. Halikuwepo. Kesho yake mnunuzi angefika kutoka Malindi, na bomba lile ndilo lililokuwa tegemeo langu la mwisho la kulizuia gari lisiondoke.

Lilikuwa Datsun ya milango miwili, ya mbio, rangi ya chungwa, kuukuu kuliko mimi. Baba alilinunua Mombasa alipokuwa kijana mwenye nywele nyingi na akili chache. Maneno hayo ni ya mama, si yangu. Nasi ni watu wa Langoni, mjini Amu, kisiwani Lamu, penye vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Gari la mbio utalipeleka wapi? Basi liliishi ng'ambo, Mokowe ya bara, chini ya banda la mabati, na kila Jumamosi baba alipanda boti kwenda kulijulia hali. Mama yangu, Bi Rahima, aliliita mke mwenza. "Huyo wa ng'ambo hajambo?" angemuuliza baba akirudi, na baba angejibu kwa adabu zote kwamba hajambo, ila amekohoa kidogo asubuhi.

Baba aliendesha kwa masikio. Mishale ya vipimo mbele ya usukani ilikufa zamani, naye hakujali. Nilipokuwa mdogo alinikalisha kando yake barabara ya Hindi, mji wa jirani na Mokowe, akaniambia, "Sikiza, Maram. Sasa yalia. Yataka gia ya tatu." Akiitia, injini ilinyamaza kama mtoto aliyepewa titi. Nilikua nikiisikiliza ile injini mpaka nikaijua kuliko nyimbo za arusini. Lakini nilipopata leseni, ufunguo sikupewa. "Gari hili lina hila zake, mwanangu. Ngoja kwanza." Nikangoja, na leseni ikangoja nami mkobani.

Kisha masikio yake yakaanza kumtoka. Kwanza hakuisikia simu, halafu adhana, mwisho injini. Siku moja alikwenda na gia ya pili mwendo mzima, gari likipiga kelele za kuomba msaada, mpaka mvuke ukafuka chini ya boneti. Alirudi nyumbani, akavua kofia, akasema, "Nitaliuza. Gari nisolisikia la nini kwangu?" Na mama, aliyemsengenya yule mke mwenza miaka yote hiyo, ndiye aliyelia.

Wazo la bomba lilikuwa langu. Ekzosi ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi, na hata hivyo ilipeleka mlio nyuma kabisa, kwa watu tuliokwisha kuwapita. Nikasema tulikate fupi, tulitokeze ubavuni chini ya dirisha la dereva, mlio umpande baba mpaka mbavuni. Asiposikia kwa sikio atasikia kwa mifupa. Fundi wa magari pale Mokowe alinicheka. Kamaludin, fundi wa injini za boti kutoka Pate, hakucheka hata kidogo.

"Boti zote zatoa moshi ubavuni," alisema. "Nyinyi wa magari ndio mtoao nyuma kama punda."

Baba alikubali shingo upande, ili kuniridhisha tu. Siku hiyo gari lilikuwa limetazama bara, limeipa bahari mgongo. Akagonga ubavu wa dereva. "Litoke huku, Bwana Kamaludin. Upande wa kibla. Usisahau."

Kwetu kibla ni kaskazini, na mtu wa boti hana habari na kulia wala kushoto.

"Nikisahau kibla," Kamaludin alijibu, "nimesaliwa na nini?"

Na hakusahau, maskini. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

"Si uliambiwa upande wa kibla?" nilimuuliza sasa.

"Na kibla ni wapi, Bi Maram?" Akanyoosha mkono. Kidole kilielekea sawasawa kwenye bomba.

Nilitazama mkono wake, nikatazama gari, ndipo nilipoona kwamba taa zake za mbele zilikuwa zikiitazama bahari. Kamaludin akaeleza bila wasiwasi wowote. Ijumaa mvua ilinyesha, paa likavuja upande wa bara, maji yakawa yanaidondokea injini. Yeye akawaomba msaada watu waliokuwa wakitoka msikitini, wakalisukuma gari nje, wakaligeuza, wakalirudisha ndani likitazama bahari. Kisha akaendelea na kazi, bomba upande wa kibla, kama alivyousiwa.

"Kibla ni pale pale," alisema. "Ndilo gari lililogeuka."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na vyote vikanijia pamoja kwa namna isiyopendeza. Chuma kilikuwa kimekwisha, na muda nao pia. Baba alikuwa ameinama upande wa abiria, akilipapasa bomba kwa vidole. Bila kunitazama, alinirushia ufunguo juu ya paa la gari.

"Liwashe, nilione litoapo moshi."

Niliketi nyuma ya usukani. Nikawasha.

Ee Mola! Mabati ya banda yalitetemeka. Kuku wa jirani walitawanyika, na Kamaludin akapiga takbiri. Ulikuwa mlio mnene, wa kifuani, wenye kokoto ndani yake. Kupitia dirisha nilimwona baba akiweka kiganja juu ya mlango, halafu akisogeza uso karibu, macho ameyafumba. Nikakanyaga mafuta kidogo. Midomo yake ikafunguka.

Akafungua mlango, akaketi kwenye kiti cha abiria, mahali ambapo nilikuwa sijapata kumwona ameketi maishani mwangu. Akateremsha kioo, akatoa kichwa nje kidogo.

"Twende," akasema.

"Mimi?"

"Kwani nani aliyeshika usukani?"

Tukatoka. Barabara ya Hindi ilikuwa tupu na imeoshwa na mvua, nami nilikanyaga mafuta kwa furaha. Baba alining'iniza mkono nje, akisikiliza, na wakati wa kubadili gia ulipofika aliupiga mlango kofi. Mara nyingine nilikuwa nimekwisha kubadili kabla ya kofi, naye alicheka peke yake. Niliposahau mara moja, kwa kuwa nilikuwa nikimtazama yeye, alipiga ukelele: "Tia ya tatu! Wamtesa mwenzake mamako!"

Machozi yalimtiririka yakakaushwa na upepo. Hakuyafuta, nami sikujifanya sikuyaona.

Kesho yake Austin, yule mnunuzi, alifika kama alivyoahidi. Kijana mpole, amevaa miwani ya jua. Alilizunguka gari, akaliona bomba, akapiga mluzi.

"Mzee, bado mnauza, ama?"

Baba akaweka mkono nyuma ya sikio. "Wasemani?"

"Nauliza, bado mnauza?" Sasa alikuwa akipaza sauti.

"Shukurani," baba akamjibu. "Nawe karibu chai."

Austin akanigeukia mimi. Niliinua mabega. Alikunywa chai yake, akala na mahamri, mtu wa watu, akarudi Malindi.

Jioni, tulipokuwa tukingoja boti ya kurudi Amu, nilimwinamia baba sikioni, nikamuuliza kama nimrudishie ufunguo.

Hilo nalo hakulisikia.