Mchanga wa Shimo la Saba

"Taratibu, Silvano, usiichane hiyo karatasi," Bwana Miti alisema, akakichukua kifurushi akifungue mwenyewe.

Mzee Kornelio alikuwa amesimama mlangoni pa karakana yake, tupa mkononi, akimtazama Bwana Miti akifungua kifurushi. Kwanza kamba. Kisha boksi refu lenye stempu za Uingereza. Kisha karatasi nyeupe, laini, tabaka juu ya tabaka, inanukia mafuta ya mashine. Bwana Miti aliifunua kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunua uso wa mtoto mchanga aone kafanana na nani.

Ndani mlikuwa na fimbo moja tu ya gofu. Ilikuwa fupi, kichwa chake kizito, ile ambayo wachezaji huiita weji na kuitumia kutolea mpira kwenye mashimo ya mchanga. Ilitoka Scotland, kwenye kiwanda kilichoanza kutengeneza fimbo kabla babu yake Kornelio hajazaliwa. Ilikuwa imekuja kwa meli hadi Tanga, ikapanda basi kutoka Mombo kwa kona zote zile, na safari nzima ilikuwa imechukua miezi minne.

"Mzee, hebu ione," Bwana Miti alisema, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Jina hasa la Bwana Miti lilikuwa Suleimani, kijana wa Tanga mwenye miaka thelathini na tano, mkubwa wa misitu ya serikali pale Lushoto. Kila asubuhi alimwamkia Kornelio shikamoo, tena akisimama. Wazungu waliomtangulia walikuwa wakimwita Kornelio "boi" hata alipoota mvi, kwa hiyo shikamoo ile ilikuwa ikimgusa moyoni.

Kornelio aliipokea fimbo. Alitaka iwe mbaya. Alipitisha kidole gumba chini ya kichwa chake, akakuta tumbo: chuma kilikuwa kimeshuka kwa nyuma, kikanenepa, kikapinda taratibu mpaka kwenye ukingo wa mbele. Kidole chake kikaelewa kabla yake. Kwenye mchanga laini tumbo lile lingeelea, lisizame, na mpira ungetoka umebebwa. Miaka sita alikuwa akiitafuta njia ya kufanya hivyo, na kumbe kuna mtu alikuwa ameshaipata.

"Nzuri," alisema. Kisha akaongeza, "Ila siku hizi tunaambiwa tujitegemee. Redio inasema kila jioni."

Silvano akacheka. Bwana Miti naye akacheka, lakini masikio yalimwiva. "Niliagiza kabla ya Azimio, mzee wangu. Ilikuwa bado njiani."

Silvano alibeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa gofu ambako Kornelio naye alifanya kazi, na kazi yake nyingine ilikuwa kukata majani. Alikuwa mdogo kwa Kornelio kwa miaka kumi na zaidi, mcheshi, hana haraka na jambo lolote.

"Jumamosi mchana tutaijaribu," Bwana Miti alisema. "Shimo la saba, pale mchangani. Mipira mitano kwa hii, mitano kwa Jembe. Itakayoshinda ndiyo itakwenda Tanga kwenye mashindano. Uniandalie mchanga, mzee, kama kawaida yako."

Jembe lilikuwa fimbo ya Kornelio. Alilifua mwaka ule wa Uhuru, Suleimani alipokuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kuruhusiwa kucheza, hana fimbo ya mchangani wala wa kumwazima. Kornelio alichukua kipande cha springi ya lori, akakipasha moto, akakifua. Kwa kuwa hakujua viwanda vinaungaje kichwa na mpini, aliunga kama baba yake alivyokuwa akiunga mikuki kule Mtae: chuma kinapondwa kiwe chembamba, kisha kinakunjwa kuuzunguka mti mpaka kikumbatie. Wachezaji walikiona kile kichwa kipana, wakacheka, wakakiita jembe. Siku mpira wa kwanza ulipotoka mchangani na kusimama hatua mbili kutoka kwenye bendera, hakuna aliyecheka tena. Tangu hapo Bwana Miti alinyoosha mkono tu bila kugeuka, "Nipe Jembe," na Kornelio alikuwa nyuma yake, ameshalitoa. Kila mwaka walikwenda Tanga watatu: Bwana Miti, Jembe, na yeye.

Siku zile za katikati ya wiki hakula vizuri. Alipika chai karakanani akaisahau jikoni ikakauka. Mchana Bwana Miti alipita na ile fimbo mpya kwapani akielekea ofisini, na Kornelio akajikuta anatazama mkono, sio mtu: jinsi vidole vilivyokuwa vikiikanda ngozi mpya ya kishikio. Jembe lilikuwa ndani ya mfuko, limesimama na zile nyingine.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mzito, baridi ya Juni inauma mifupa. Zipora, mkewe, alimwekea viazi vya kuchemsha na chai, akamtazama anavyokiviringisha kiazi kimoja bila kukimenya.

"Wivu wa mke mwenza niliuona kwa mama yangu," alisema. "Wivu wa chuma sijapata kuuona."

"Nani ana wivu?"

"Basi kula."

Hakula. Zipora alikimenya kiazi mwenyewe, akakifunga kwenye kitambaa na chumvi kidogo, akamtilia mfukoni mwa koti. Naye Kornelio alishuka kilimani na joto la kile kiazi ubavuni, akiwa ameshajua atakalofanya.

Mchanga wa shimo la saba uliletwa kwa lori kutoka mtoni, chini Mombo, maana udongo wa milimani ni mwekundu na ukinyeshewa unashikana. Kazi ya Kornelio ilikuwa kuuchimbua na kuupiga reki uwe laini. Safari hii aliukwangua mchanga wa juu akauweka kando. Akaenda kisimani mara tatu na ndoo, akamwaga maji. Kisha akavua viatu, akaingia, akashindilia kwa visigino, mstari kwa mstari, mpaka chini pakawa kama sakafu ya nyumba. Miguu ilikufa ganzi. Juu yake akarudisha mchanga mkavu, unene wa vidole viwili tu, akaupiga reki vizuri sana. Hakuwahi kupiga reki vizuri namna ile.

Jembe lilikuwa na ukingo mwembamba. Lingekata. Lile tumbo la Scotland lingegonga sakafu na kuruka.

Na ndivyo ilivyokuwa. Saa nane ukungu ulikuwa umefunguka. Bwana Miti aliingia mchangani na fimbo mpya, akatikisa mabega, akapiga. Chuma kililia, kikadunda, na mpira ukatoka chini-chini kama kwale aliyeshtuliwa, ukavuka majani, ukavuka bendera, ukapotelea kwenye miti ya miwati.

"Haa! Huo umekwenda kuitafuta Scotland," Silvano alisema.

Wa pili ulifuata wa kwanza. Wa tatu uligonga ukingo wa shimo ukamrudia miguuni. Wa nne na wa tano, miwatini. Kornelio alisimama na mfuko begani, akisikia kitu kitamu kikimpanda kifuani, kitamu kama funda la kwanza la uki, pombe ya asali, siku ya harusi.

"Nipe Jembe," Bwana Miti alisema.

Jembe lilikata. Mipira minne kati ya mitano ilitua kwenye majani mafupi, mmoja karibu kabisa na bendera. Lakini Bwana Miti hakufurahi. Aliishika fimbo mpya, akaigeuza, akaifuta kwa leso yake mwenyewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemtetea ndugu yake mbele za watu na ndugu akamwaibisha.

"Miezi minne," alisema polepole.

Ule utamu ukakatika kifuani mwa Kornelio. Hakuwa ametegemea kumwonea huruma.

Bwana Miti alipiga hatua mchangani ili atoke. Akasimama. Akakanyaga tena, kwa kisigino. Akainama, akafukua kwa vidole, na vidole vikagota.

"Mbona huku chini pagumu hivi?"

Juu ya miwati kulikuwa na ndege mmoja tu akilia, akinyamaza, akilia.

"Nani alitengeneza mchanga huu?"

"Ni mimi, Bwana Miti," Silvano alisema.

Kornelio akageuka.

"Vumbi lilikuwa jingi," Silvano aliendelea, macho yake kwenye bendera. "Nikamwaga maji, nikapita juu na lile roli la chuma la kusawazishia majani. Mzee hakujua. Nimekosea."

"Roli mchangani? Miaka yote hii hapa, Silvano!" Sauti ya Bwana Miti haikuwa kubwa, na kwa hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilitaka kukuchukua Tanga mwaka huu, ukaone bahari. Sasa kaa nyumbani. Na hapa usije mpaka nikuite."

"Sawa, bwana."

Silvano akaanza kuokota mipira. Kornelio alimfuata mpaka ukingoni mwa majani, akamshika mkono, akanong'ona kwa ukali, "Umerogwa? Kwa nini unasema uongo?"

"Niliziona nyayo zako za peku kule kisimani, mghoshi." Silvano alimwita vile kwa heshima ya kwao, kama anavyoitwa mwanamume mzima. "Mwaka ule udongo ulipoporomoka ukabeba nyumba yangu, mimi na watoto tulikaa kwako miezi mitatu. Hukuniuliza hata siku moja naondoka lini. Niachie na mimi."

Kornelio alimwachia mkono. Alitia wake mfukoni, akakuta kile kiazi, kimeshapoa. Akarudi mpaka mchangani, akachukua jembe lenyewe la kulimia lililokuwa ukingoni, akaingia na viatu vyake, akalishusha. Likagonga. Akalinyanyua, akalishusha tena, mpaka bonge kubwa la mchanga likang'oka limeshikana, na upande wake wa juu, wazi kabisa, kulikuwa na alama ya kisigino.

"Silvano hajaugusa mchanga huu," alisema. "Kisigino hiki ni changu."

Bwana Miti aliitazama alama. Akamtazama mzee.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

Kornelio alikuwa na jibu la kujitegemea, alilokuwa amelitunza tangu siku ya kifurushi. Halikutoka. "Hiyo ilikuja imevishwa karatasi laini," alisema. "La kwangu nililileta ndani ya gunia."

Kisha akalima. Alifukua lile shimo lote, akavunja mabonge kwa mikono, akachanganya mkavu na mbichi, akaupiga reki. Silvano alivua koti akaingia kumsaidia. Ilichukua muda mrefu, na Bwana Miti alisubiri akiwa ameketi majanini, fimbo zote mbili magotini.

Walipomaliza, aliinuka, akaweka mpira mmoja mchangani. Lakini hakuingia. Alimnyooshea Kornelio fimbo mpya.

"Piga wewe."

"Mimi si mchezaji, bwana."

"Piga."

Kornelio aliishika. Miaka ishirini na nne alikuwa amewatazama watu wakipiga, na mwili wake ulijua. Alipiga nyuma kidogo ya mpira. Hakusikia mgongano wowote. Lile tumbo liliteleza mchangani kama mkono unaopita kwenye unga, na mpira ukapanda bila haraka, mweupe, ukatua, ukajiviringisha kidogo, ukatulia.

"Ala!" Silvano alisema. "Na ulivyoitukana, haijakununia."

Kornelio hakucheka. Fimbo ilikuwa nzuri kuliko alivyoogopa.

"Jumamosi ijayo lori linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," Bwana Miti alisema hatimaye. "Silvano, utabeba mfuko. Hii ndiyo itakayokwenda." Alilichukua Jembe, akalitazama mahali lilipokumbatia mpini, akamrudishia Kornelio kwa mikono miwili. "Hili likae kwako, mzee. Na hiyo nyingine naomba unisafishie kabla ya safari."

Akaondoka kuelekea barabarani. Alikuwa amesema "naomba", si "nipe" kama kawaida yake. Kornelio alilisikia neno lile vizuri, na likamuuma kuliko kama angetukanwa.

Silvano alibaki nyuma, anatoa mchanga viatuni. "Mghoshi, na kule Tanga mchanga wao ukoje? Mimi sijui la kumwambia."

Kornelio angeweza kumficha.

"Ni mchanga wa baharini," alisema. "Laini, mweupe, mwingi. Atauogopa, atataka kupiga juu-juu. Mwambie apige chini bila woga. Tumbo la fimbo litaubeba mpira." Akatoa kile kiazi mfukoni, akakikata kwa kidole, akampa nusu.

Karakanani nyumbani, jioni ilipoanza kuingia, alikibana kichwa cha fimbo mpya kwenye jiliwa, akakifunga kitambaa kisikwaruzike. Akatoa mchanga kwenye kila mfereji kwa kijiti. Akakigeuza apake mafuta kwa chini, na hapo mwanga wa dirishani ulipokipiga kwa ubavu, akaona mistari. Ilikuwa myembamba sana, ya tupa, mitatu au minne, pale tumbo linapokutana na shingo ambapo mashine isingefika. Ilikuwa imelala kuelekea kushoto. Mtu alikuwa amesimama mahali fulani, mbele ya jiliwa lake, akamalizia kwa mkono.

Kornelio alisogeza taa ingawa bado kulikuwa na mwanga. Chini kidogo ya mistari palikuwa na bonde dogo, ambapo mtu akishika ili apige tupa, gumba lake hutulia. Naye akaweka lake. Likaenea.

"Baba Yunis!" Zipora aliita kutoka uani. "Chakula kinapoa!"

"Nakuja," alijibu, bila kukiondoa kidole.