Maji ya Kunawa

Dereva wa tatu alipomaliza kuoga, Amongin aliinama nyuma ya bafu akasikiliza. Maji yalishuka kwenye bomba, yakaingia pipa la mchanga na makaa, yakatokea chini polepole bila povu. Hayo ndiyo yaliyonywesha mboga yake ya sukuma wiki.

Wiki ya tatu sasa mifereji ya Busia ilikuwa mikavu, na dumu la maji limepanda bei maradufu. Loy, mwenye bafu, aliyanunua hivyo hivyo kwa ajili ya madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Amongin angeyanunua kwa pesa gani? Alichuja yaliyokwisha kuogewa.

Keshokutwa angevuna. Edah, mpishi wa shule, alikuwa ameahidi kuchukua matuta yote manne, na kwa pesa hiyo Amongin angemwandikisha binti yake Juliet mtihani. Njia nyingine hakuwa nayo.

Saa nne akaja Odwori, afisa wa afya, na vibarua wawili.

"Mama, hii mboga unanyweshea maji gani?"

"Ya bafu, afisa. Lakini imepita kwa mchanga."

"Ni maji chafu. Sheria imekataa."

"Sasa ile safi iko wapi? Mfereji nafungua kila asubuhi, inatoa upepo tu."

"Maji ya mfereji si ofisi yangu."

Ndivyo walivyo. Ukiuliza maji, ofisi haipo. Ukipanda mboga, inakuja na majembe.

"Basi chukua kwa chupa mukapime."

"Kupima ni mjini Tororo, na gari haina mafuta."

Wakakata bomba, wakang'oa matuta matatu. Odwori mwenyewe aling'oa. Amongin alitaka kulia, akaona haya. La nne wakaliacha kwa sababu ya jua, wangelirudia Jumatatu.

"Mama, nisaidie maji ya kunawa," Odwori akasema.

Kwao kijijini Molo mgeni hanyimwi maji ya kunawa, hata akiwa mgeni wa namna hii. Amongin akachota kwenye dumu lake la kunywa, akaleta sabuni na beseni, akapiga magoti, akammiminia taratibu mpaka tope likaisha.

"Asante sana, mama."

Amongin akainua beseni, akaenda nalo hadi kwenye pipa, akayamwaga maji yale juu ya mchanga.

"Mama, nimekwambia nini?"

"Umekataza maji ya madereva," Amongin alisema. "Hii ni yako. Nayo ni chafu?"

Odwori aliwaita vibarua wakaondoka. Chini ya pipa maji yakaanza kutoka kuelekea tuta la nne, kidogo tu, yakaishia kwenye mche wa pili.